Shangazi na amri mbili za gwaride

Shangazi yangu ana miaka 83. Macho yamepungua, magoti yamegoma, lakini mpe mwiko na watoto wanne, anakuonyesha gwaride. Nilimkuta hivyo Desemba iliyopita uani kwake Ng'ambo, Tabora, vitukuu wake wamejipanga chini ya mwembe, miguu mitupu, vifua mbele.

"Shitigeshitanda!"

Wakakakamaa. Halafu akawazungusha kwa neno la pili: "Abautani!" Wawili wakageuka kushoto, wawili kulia, vichwa vikagongana, gwaride likaishia kwenye vicheko na kilio kimoja.

Mchezo huu na mimi nimeucheza, uani hapo hapo, miaka ya themanini. Maneno yale kwetu yalikuwa "maneno ya Babu" na hakuna aliyeuliza zaidi. Safari hii nilikuwa nimetoka kwenye basi la Dodoma, saa nyingi za Manyoni na Itigi bado ziko kiunoni, nimekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai, na nadhani ni ile kazi yangu ndiyo iliyonizindua. Mimi nahakiki madai ya mafao. Kutwa nzima nasoma mafaili ya watu nikitafuta mahali ambapo karatasi moja inaikana nyingine. Neno la kwanza la Shangazi ni Kijerumani, stillgestanden, simama imara. La pili ni Kiingereza cha jeshini, about turn, geuka nyuma.

Hadithi ya ukoo wetu ina jeshi moja tu. Sasa hilo la pili lilitoka wapi?

Niieleze kwanza hadithi yenyewe, maana imesimuliwa kwenye kila harusi na kila arobaini tangu nimezaliwa. (Jina la Babu siandiki. Shangazi ameniomba, anasema majina ya marehemu hayaanikwi mtandaoni kama nguo.) Babu alikuwa ombasha, yaani koplo, wa Mjerumani. Alipigana Tanga mwaka 1914, siku Waingereza na Wahindi wao walipotimuliwa na nyuki. Sina ugomvi na Tanga, ila nimegundua kwamba kila mtu mwenye babu askari, babu yake alikuwepo Tanga, kama ambavyo kila mzee wa Dar alisimama mstari wa mbele Mnazi Mmoja Nyerere akihutubia. Baada ya Tanga, Babu akamfuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, miaka minne, wakaingia Msumbiji, wakarudi, wakavuka mpaka Rhodesia ya Kaskazini, na hawakushindwa kamwe. Waliweka bunduki chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, kwa sababu tu vita vilikuwa vimeshakwisha huko Ulaya. Wakaletwa Kigoma kwa meli ya Liemba, wakapandishwa treni, na Babu akashuka stesheni ya Tabora, nyumbani kwao, kifua mbele.

Tarehe ya Abercorn ni ya kweli: 25 Novemba 1918. Askari waliohesabiwa siku ile walikuwa 1,168. Ni kweli pia kwamba walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakaletwa Tabora kwa reli. Ila hawakushuka kifua mbele. Waliwekwa kambini kama mateka, na homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima ikawakuta humo humo.

Na Liemba haikumbeba mtu yeyote mwaka huo. Wakati ule ilikuwa ikiitwa Graf von Götzen, na Wajerumani wenyewe walikuwa wameizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 ili isichukuliwe na adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikaanza tena safari mwaka 1927. Nilipomwambia binamu yangu mmoja, anayependa sana kuisimulia ile meli, alininunia wiki mbili.

Ningeishia hapo ningesema wazee wamekosea meli, basi. Lakini kuna Baba Mluguru.

Baba Mluguru alikuwa baba yetu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Babu kwa mke mkubwa. Alifariki nikiwa sekondari. Alikuwa Mnyamwezi wa baba na mama, anaongea Kinyamwezi cha kukuchanganya, na bado ukoo mzima ulimwita Mluguru. Nilidhani ni utani tu wa sura au wa ubahili. Shangazi alinitazama kama mtu aliyeniona leo. "Si kazaliwa Morogoro, kwa Waluguru? Mwaka wa mafua. Mama mkubwa anasema alijifungua asubuhi, watu wanazikwa kulia na kushoto, Baba akarudi jioni kutoka gwaride akakuta mtoto."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na chumvi kidogo.

Mafua yale yalifika kwetu miezi ya mwisho ya 1918. Morogoro ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Agosti 1916. Kuanzia Novemba 1917 hadi Septemba 1918 von Lettow alikuwa ndani ya Msumbiji, na baada ya hapo akapita upande wa magharibi kuelekea Rhodesia. Mtu aliyekuwa naye asingeweza kurudi jioni kutoka gwaride akakuta mtoto Morogoro. Babu alikuwa Morogoro, na alikuwa kwenye gwaride. Gwaride la nani? Vitukuu walikuwa wameshalijibu swali hilo kwa kugongana vichwa.

Kitu cha tatu ni tusi la jikoni.

Nyumbani kwetu chakula kikiwa kibichi, kigumu au hakina ladha, mtu anasema: "Haya ming'oko haya." Ni neno la Babu pia. Nimekua nikidhani ni Kinyamwezi, mpaka mwaka 2016 nilipotumwa kikazi Mtwara, nikakuta akina mama stendi wanauza vimizizi vyembamba vilivyochemshwa, wamevifunga mafungu mafungu. Nikauliza ni nini. Ming'oko. Inachimbwa porini, watu wa Mtwara na Lindi wanaijua sana, hasa miezi ya njaa. Nilikula, ni tamu kiasi, sikuelewa Babu aliichukia kwa lipi. Nilirudi Dodoma nikasahau. Ni siku ile mkekani, Shangazi akisema "Baba alikula ming'oko tangu wanatoka Mahenge mpaka akaota tumbo," ndipo mambo yalipokutana.

"Mahenge?"

"Mahenge kulikuwa na mpunga. Wakafukuzwa na Wabelgiji. Wakatembea, wakatembea, mpaka mto mkubwa. Kufika mtoni, wenzao walishavuka."

Hayo mambo matatu, Mahenge, Wabelgiji, na wenzao walishavuka, yana mahali pamoja tu pa kukaa. Mwaka 1917 jeshi la Mjerumani lilikuwa limegawanyika. Kundi la magharibi lilikuwa Mahenge chini ya Kapteni Theodor Tafel. Oktoba Wabelgiji wakaingia Mahenge, Tafel akaondoka kwenda kusini-mashariki akamtafute von Lettow waungane. Hawakuwa na njia ya kupashana habari. Tarehe 25 Novemba von Lettow alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji pale Ngomano, akaivamia kambi ya Wareno, akapata bunduki, risasi na chakula. Tafel alifika upande wa Ruvuma akakuta nyayo. Mbele hakuna mtu, nyuma Waingereza, ghalani hakuna punje. Tarehe 28 Novemba 1917 akajisalimisha, na askari zaidi ya 1,000, na wapagazi, na wanawake na watoto waliokuwa wakitembea na msafara, maana askari wa Mjerumani hawakuacha familia kambini, walitembea nazo.

Siku tatu. Wangewahi siku tatu, Babu angekula akiba ya Wareno, angezunguka Msumbiji mwaka mzima, na ile hadithi ya harusini ingekuwa kweli. Na Baba Mluguru asingezaliwa Morogoro.

Baada ya kutekwa, askari kama Babu alikuwa na njia chache. Kukaa kambini. Kubebeshwa mzigo pamoja na wapagazi wa Kariakoo, na hiyo Kariakoo ya Dar mnayonunulia vitenge ilipata jina lake kwa hao hao, Carrier Corps, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na kuchoka. Au kuvaa nguo za KAR, King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Waingereza walikuwa wanahitaji watu. KAR iliyoanza vita ikiwa na batalioni 3 ilimaliza ikiwa na 22, na batalioni ya 6 ilijazwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa askari wa Mjerumani. Wengi walibadilisha sare. Ombasha aliyejua kufyatua, kulenga na kutii amri alikuwa na ujuzi unaouzika pande zote mbili, akauuza.

Nimejaribu kumtafuta kwa karatasi. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako mafaili ya serikali ya Kijerumani yapo mpaka leo. Yameandikwa kwa mwandiko wa kizamani wa Kijerumani, herufi zote zinafanana na miba ya samaki. Nilikaa siku nzima na kamusi, nikaambulia tarehe na neno "Askari". Nilikaa usiku kadhaa kwenye tovuti ya Msalaba Mwekundu, walikoweka kadi za mateka wa vita ile, mamilioni ya kadi. Nimekutana na Wajerumani, cheo, mji waliotoka, jina la mama. Babu sikumkuta. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa upande wa Mwingereza, si chini ya 116,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wa kwao, waliokufa wakiwatumikia. Mateka aliyepona nani angemwandika?

Kwa hiyo mashahidi wangu ni gwaride la watoto, jina la utani na tusi la jikoni. Ofisini kwetu faili kama hilo ningelirudisha kwa wino mwekundu.

Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Desemba. Ile hadithi nzuri, ya askari asiyeshindwa, mtiifu kwa Bwana wake mpaka siku ya mwisho, si ya kwetu. Baada ya vita Wajerumani walinyang'anywa makoloni, na miaka yote iliyofuata walimwimba "askari mtiifu" ili dunia iamini kwamba Waafrika waliwapenda na wanataka warudi. Sisi tukaiokota, tukaipamba na meli iliyokuwa chini ya maji, tukaisimulia kwenye arobaini. Yaliyokuwa yetu kweli, njaa, mto, mtoto wa Morogoro, tulikuwa tunayachezea uani na kutukania mboga.

Na kuna upande mwingine ambao nisingeuandika kama si mtani wangu.

Ofisini nakaa na Mgogo mmoja, na Wagogo na sisi ni watani, anaweza kunitupia neno lolote. Nilimwonyesha ramani niliyochora ya safari ya Babu. Akaangalia, akasema: "Kumbe ndiye huyu aliyekula ng'ombe zetu. Nilikuwa namtafuta." Tukacheka. Nikamwambia Babu alikuwa Mahenge, siyo Ugogo. "Wote walikula. Mjerumani alipita akala, Mwingereza akaja akala." Halafu akaacha kucheka. Akanisimulia Mtunya, njaa ya Ugogo iliyofuata vita ile, mifugo na nafaka vimeshachukuliwa na majeshi, vijana wamechukuliwa kubeba mizigo, mvua ikakataa. Bibi wa bibi yake aliwekwa rehani kwa watu wenye chakula, msichana mmoja kwa debe la uwele, na hakurudishwa. Mtani wangu anayajua majina ya kaka wote wa msichana huyo waliobaki.

Sikuwa na la kujibu. Mpunga wa Mahenge nao ulilimwa na mtu. Kabla ya vita ile, kwenye Maji Maji, jeshi hilo hilo lilichoma maghala ya kusini mpaka watu wakafa kwa njaa, na Babu aliingia jeshini miaka michache tu baadaye akijua anaingia wapi. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya Mjerumani, vilichapwa na mkono wa askari mweusi. Ombasha ni mtu wa kushika kiboko. Naandika hivi na nampenda, ingawa alikufa mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, na mimi nimezaliwa 1979.

Jioni ile, watoto wameshalala, nilimwambia Shangazi nilichokifikia. Nilianza mbali, kwa adabu, nikazunguka kama mshenga. Nikasema hivi, Shangazi, kwa ninavyoona, Babu hakufika Abercorn. Alichukuliwa mateka Ruvuma, mwaka mmoja kabla.

Alinyamaza akichambua mchele kwenye ungo, wenyewe ulishachambuliwa mchana.

"Mateka? Nani kasema mateka? Baba hakutekwa." Akarusha chuya pembeni. "Alichoka kutembea."

Msomaji ambaye si Mnyamwezi hiyo sentensi itampita. Sisi ni watu wa kutembea. Kabla ya reli, watu wetu walitoka Unyanyembe na pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo, miezi, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mwanaume. Mnyamwezi anasema ameumwa, anasema amepotea, anasema kaonewa. Hasemi amechoka kutembea. Nadhani Babu alimwambia hivyo yeye peke yake, kitinda mimba, uzeeni, na wale wakubwa wakapewa Abercorn.

Nikamuuliza kama Babu aliwahi kulipwa. Maana mwisho wa vita Mjerumani alikuwa hana rupia, askari walikuwa wanamdai mishahara. Neno hela lenyewe tumelipata kwa sarafu zao, heller, na hela ndiyo iliyokosekana. Shangazi akakumbuka mwaka 1964, yeye binti wa miaka ishirini na mbili, habari ilifika kwamba Wajerumani wako Mwanza wanawalipa askari wa zamani. Hiyo ipo, bunge lao lilipitisha fedha mwaka ule. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee kama 350, wachache tu wakiwa na vyeti, wengine sare zilizochakaa, wengine hawana kitu. Mlipaji akampa kila mzee fagio kama bunduki, akaita amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Naipenda hadithi hiyo na inaniudhi. Mzee wa miaka sabini anashikishwa fagio ili athibitishe njaa yake. Lakini kwa mtu wa mafao, nakiri, ni uhakiki mzuri kuliko wetu.

"Babu angepita," nikasema.

"Angepita vipi na alikuwa kaburini? Mama alikwenda kuuliza kama mjane anapewa. Wakamwambia mwenyewe aje."

Kisha akaweka ungo chini. "Na wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Mbona hujaandika?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari la kazini, nikafungua ukurasa mpya, nikachora mistari kama ya fomu yetu. Jina la mdai. Jina la marehemu. Muda wa utumishi: hapo nikaweka majeshi mawili, moja chini ya jingine. Vielelezo. Nikaandika shitigeshitanda, abautani, Mluguru, ming'oko. Akataka nimsomee, nikamsomea.

"Ongeza miguu," akasema. "Andika mguu wa kushoto, vidole viwili havikuwa na kucha. Funza. Nilikuwa namwosha mimi."

Nikaandika: mguu wa kushoto, vidole viwili.